.22 au 9 mm? Uzoefu wangu wa kulenga shabaha kwenye upepo wa Iringa

Nina leseni ya bunduki ndogo ya .22 na bastola ya 9 mm (namba hizo ni upana wa risasi, ya kwanza kwa inchi), na mazoezi nafanyia uwanja ulio upande wa Mafinga. Wanaoanza huwa wananiuliza wanunue risasi zipi. Kwangu hilo halina mjadala: shabaha ifundishwe na .22, tena zile za mwendo wa polepole, hata kama muuzaji anakusukumia zile za kasi.

Ninazotumia zaidi ni CCI Standard Velocity, za mwendo huo wa polepole. Kichwa chake kina gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa mita 326 hivi kwa sekunde. Asubuhi ya Juni huku kwetu, kukiwa na nyuzi 10, sauti husafiri mita 337 kwa sekunde, kwa hiyo risasi hii iko chini ya kasi ya sauti tangu inatoka hadi inafika. Zile za kasi huanza na mita 370 na ushee, kisha zinaishukia kasi ya sauti zikiwa bado angani, na pale zinapoivuka ndipo huyumba. Kwenye karatasi ya mita 100 utaona matundu yametawanyika.

Halafu kuna upepo. Mtu akisimama Makambako anaelewa ninachosema. Wengi hudhani risasi ya kasi haisukumwi sana kwa sababu inawahi kufika, lakini kwa .22 ni kinyume: ya kasi hupoteza mwendo wake haraka zaidi, na upepo wa pembeni huihamisha kuliko ya polepole. Gharama ya upole huo ni kushuka. Ukirekebisha vilengeo ipige sawasawa mita 50, kwenye mita 100 inapiga karibu shubiri moja chini. Hilo unalizoea, maana ni lilelile kila siku. Upepo haukupi ahadi hiyo.

Bastola nalisha risasi za Sellier & Bellot, kichwa cha gramu 7.5 kilichovikwa shaba. Zinalia vizuri na maganda yanaruka bila kukwama, sina neno nazo. Ila boksi moja linakula hela ya maboksi kadhaa ya .22, na sehemu kubwa ya hela hiyo inaishia kwenye mshtuko wa mkono unaousubiri mlio. Mzee mmoja, askari mstaafu, alinichomekea risasi bandia katikati ya zile za kweli bila kuniambia ni ya ngapi. Nilipoivuta triga, mtutu ukainama wenyewe. Akacheka: “Mwanangu, bastola yako inasujudu kabla haijalia.” Zoezi hilo halina gharama, na linakuonyesha kwamba tatizo haliko kwenye boksi.

Isitoshe, kulinganisha karatasi za silaha hizi mbili ni kuionea bastola. Vilengeo vyake viwili vimeachana sentimita 15 au 16 tu. Cha mbele kikihama milimita moja, kwenye mita 25 umeikosa alama kwa sentimita 16 hivi. Kwenye bunduki ambayo vilengeo vimeachana sentimita 60, kosa hilohilo ni sentimita 4 hivi.

Usumbufu wa .22 upo. Fataki yake, yaani kile kinachowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, si katikati kama ya 9 mm, na ikikaa vibaya kwenye ukingo huo risasi hailipuki. Ikigoma, shikilia mtutu ukielekea shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Vichwa vingi vimepakwa nta, na vumbi la kiangazi huku linanatia hapo, kwa hiyo boksi lifunikwe. Nawa mikono kabla ya kugusa chakula, maana ile ni madini ya risasi. Na usiidharau kwa udogo wake: ikikosa tuta la udongo nyuma ya shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na huku nyuma ya kilima kuna mashamba ya watu.

Kwa sasa nikienda uwanjani nafyatua .22 mpaka mkono utulie, ndipo naigusa bastola kidogo mwishoni. Nikizipata, nataka kujaribu 9 mm za kichwa kizito cha gramu 9.5, zinazotoka chini ya kasi ya sauti, nione kama mtutu utaacha kuinama.