Datsun 240Z Kutoka Mombasa Hadi Kisumu: Tathmini ya Gari la Masafa

Wenye magari ya spoti ya zamani hapa Mombasa wengi huyatoa Jumapili asubuhi, wakazunguka nayo Mama Ngina na Nyali, kisha wakayarudisha kivulini. Datsun 240Z haistahili maisha hayo. Gari hili liliundwa kwa ajili ya masafa, na tathmini hii inalitazama likiwa katika kazi hiyo: safari ya kutoka kisiwani hadi Kisumu, zaidi ya kilomita 800 kupitia Voi, Nairobi, Nakuru na Kericho, likiwa limebeba watu wawili, mizigo yao na vipuri vya tahadhari. Hukumu yangu ni kwamba sifa iliyolipatia jina Afrika Mashariki ingalipo, ila adui wake mkubwa wa leo si mashimo wala matope, bali ni foleni.

Sifa hiyo haikuletwa na matangazo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda East African Safari Rally kwa 240Z, huku Shekhar Mehta akimaliza wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, aliliongezea ushindi mwingine baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun ya aina nyingine. Mashindano ya zama hizo yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa watumiaji wengine, na gari lililofika mwisho lilikuwa limethibitisha jambo. Siri ya 240Z haikuwa nguvu peke yake. Injini yake ya L24, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ilitoa nguvu za farasi zipatazo 150 kwa vipimo vya wakati ule. Gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja tu, na kila gurudumu lina springi inayofanya kazi bila kulitegemea jingine. Mpangilio huo ndio unaolifanya litulie mahali ambapo barabara imebonyea upande mmoja kwa uzito wa malori.

Anayetaka kufunga safari hii kutoka Pwani aanze na bodi, si injini. Hewa yetu ya chumvi huyala mabati kutoka ndani, na 240Z ina pembe nyingi zinazoficha maji: chini ya betri, kwenye sakafu mbele ya viti, katika matao ya magurudumu ya nyuma, na chini ya kioo cha mbele ambako majani yakiziba njia, maji ya mvua hutuama. Rangi inaweza kung'aa huku bati chini yake limebaki jembamba. Fundi aliyelikagua gari tulilosafiri nalo hakuhangaika na rangi. Alijilaza chini, akawa anagonga kingo za sakafu kwa mpini wa bisibisi huku ametega sikio, na alipofika karibu na mlango wa kushoto mlio ulibadilika, ukawa butu.

“Hapa pana fila tu, ndugu yangu,” akasema. “Chuma hakuna.”

Sehemu hiyo ilikatwa, ikachomelewa bati jipya, na upande wote wa chini ukapakwa upya kabla ya safari. Kazi hii isipuuzwe, kwa sababu sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kwa hivyo bodi iliyopo nchini ndiyo ya kuokolewa. Vipuri vya injini hupatikana kwa kutafuta, lakini mabawa na milango ni adimu sana.

Mtihani wenyewe huanza mapema, kabla hata ya kuiacha harufu ya bahari. Kutoka Changamwe kupitia Jomvu, Miritini na Mazeras hadi Mariakani, barabara ni ya malori ya bandarini, na gari dogo huenda kwa mwendo wao: hatua chache, kusimama, hatua chache tena, jua likipanda. Hapo ndipo umbo la injini hii linapodai kueleweka. Katika L24, njia ya kuingiza hewa na njia ya kutoa moshi ziko upande mmoja, na kabureta zake mbili, zinazochanganya hewa na petroli, zimekaa juu ya mabomba ya moshi yenyewe. Gari likiwa mwendoni, upepo huliondoa joto hilo. Likisimama, joto hupanda moja kwa moja hadi kwenye vibakuli vya kabureta, petroli ikaanza kuchemka, na injini ikizimwa katika hali hiyo huwa nzito kuwaka tena. Feni nayo huzungushwa na injini, hivyo injini ikinguruma polepole ndani ya foleni, feni huvuta hewa kidogo wakati ule ule hewa inapohitajika zaidi. Hii si kasoro ya gari moja. Ni tabia ya mpangilio huo, na wanaolipenda gari hili duniani kote wanaifahamu.

Dawa yake inajulikana pia. Rejeta izibuliwe na kupimwa kabla ya safari, thamostati iwe mpya, bati la kukinga joto liwekwe kati ya kabureta na mabomba ya moshi, mipira ya petroli ifunikwe mahali inapopita karibu na injini, na feni ya umeme yenye swichi yake iongezwe mbele ya rejeta. Gari letu lilikuwa na vyote hivyo. Katika foleni ya kukaribia mizani ya Mariakani mshale wa joto ulipanda kidogo kupita katikati, ukakomea hapo. Binamu yangu aliteremka, akafungua boneti, ambayo katika gari hili hufunguka kuelekea mbele, akaweka kiganja juu ya kibakuli cha kabureta ya nyuma, iliyo karibu zaidi na dereva, akakiacha hapo kwa muda. Kiganja kikivumilia, petroli iko salama. Kikiruka, inafaa kuegesha pembeni, kuacha boneti wazi na kusubiri. Kilivumilia, tukaendelea. Ushauri wangu kwa mtu yeyote ni kuondoka mara baada ya sala ya alfajiri, ili saa za jua kali zikukute umeshavuka Samburu, mji mdogo ulio mbele ya Mariakani katika njia hii.

Baada ya Mariakani gari hubadilika. Nyika ya Taru inafunguka kulia na kushoto, barabara inanyooka kuelekea Mackinnon Road na Maungu, na kwenye gia ya tano, kwa kilomita 100 kwa saa, injini huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika bila kujikaza hata kidogo. Kasi inayoruhusiwa na sheria katika barabara kuu, 240Z huifikia bila taabu. Kinachohitajika hapa si kasi ya juu bali uwezo wa kulipita trela kwa haraka na kurudi upande wako, na hilo gari hili hulifanya vizuri kuliko magari mengi mapya ya kifamilia: unateremsha hadi gia ya tatu, mlio wa silinda sita unapanda kwa mkupuo mmoja laini, na trela linabaki nyuma. Usukani hauna msaada wa mashine, ni mzito wakati wa kuegesha, lakini mwendoni huwa mwepesi na hukueleza kila kokoto. Nimeendesha magari yenye nguvu mara mbili ya hili ambayo hayasemi lolote mikononi.

Mtito Andei, karibu na katikati ya njia ya Nairobi, tulijaza mafuta. Tangi linabeba lita 60, na kwa mwendo wa utulivu gari hutumia kati ya lita 10 na 12 kwa kila kilomita 100, kwa hivyo hakuna sababu ya kufika hapo ukiwa na wasiwasi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini aliinuka, akalizunguka gari mara moja kimya.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hili ni la akina Shekhar, sivyo?”

Nikamwambia ni la aina hiyo hiyo. Akaonyesha kwa mkono upande ambao magari ya Safari yalikuwa yakitokea alipokuwa kijana, akaeleza jinsi watu walivyolala kando ya barabara kuyasubiri. Kumbukumbu ya namna hiyo hainunuliwi pamoja na gari, lakini ukisafiri na 240Z katika nchi hii utakutana nayo, na kwangu mimi ina uzito katika tathmini.

Ndani ya gari mambo ni mchanganyiko. Viti ni vya chini, miguu hunyooka vizuri, na mtu mrefu hapati taabu. Lakini joto la gia boksi hupenya kwenye sakafu, hewa ya matundu ya dashibodi haitoshi bonde la Tsavo wakati wa adhuhuri, na madirisha yakifunguliwa moshi wa bomba la nyuma unaweza kurudi ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umechakaa. Mpira huo na gasketi za taa za nyuma zibadilishwe. Moshi wa injini ndani ya gari ni jambo la uhai, si la starehe. Mizigo hukaa nyuma ya viti bila kizuizi, basi ifungwe kwa mikanda.

Kutoka Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi Mau Summit, ambako njia hupita mita 2,400, gari lililorekebishwa Mombasa huanza kulalamika. Injini ya kabureta isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, na hilo halina tiba. Linalotibika ni mchanganyiko: hewa imekuwa nyepesi, petroli inayoingia ni karibu ile ile, basi plagi huvaa masizi meusi, injini hukohoa ikiachiwa mafuta, na moshi hunuka petroli. Nakuru tulifungua plagi moja, tukaiona nyeusi na kavu kama tulivyotarajia. Chini ya kila kabureta kuna nati inayoinua au kushusha nozeli, yaani kijibomba kinachopitisha petroli. Tulizizungusha zote mbili kwa kipimo sawa ili kupunguza petroli, tukasikiliza injini mpaka ikatulia, na kupanda kuelekea Londiani kukawa kwa heshima. Wenye magari ya kompyuta hawajui kazi hii, nami naihesabu kuwa sehemu ya thamani ya safari, kwa maana unaisikia nchi ikipanda kupitia injini.

Breki, diski mbele na ngoma nyuma, zinatosha kwa uzito huu, mradi mteremko wa kutoka Kericho kuelekea Ahero ushukwe kwa gia na si kwa mguu. Taa ni dhaifu, kwa sababu umeme wake wote hupita kwenye swichi ya usukani; zifungwe relei, yaani swichi za pembeni za kubeba umeme huo, na hata hivyo usiku usitumike, hasa kati ya Maungu na Mtito Andei ambako tembo huvuka.

Kwa mwenye bodi nzima, fundi mwaminifu na subira ya foleni, 240Z ni gari la kuifikia Kisumu na kurudi. Katika kurudi, nati za kabureta zirudishwe kwenye alama ya mwanzo kabla ya kuteremka kutoka Nairobi, si baada ya kufika, kwa kuwa mchanganyiko uliopunguzwa petroli kwa ajili ya Mau huwa mkavu mno ukifika Voi, na katika joto la huko injini hupanda moto na vali zikaweza kuungua kilomita chache tu kabla ya nyumbani.