Daktari au mchinjaji?

Kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, kahawa hainyweki bila ubishi. Juzi zamu ilikuwa ya Jack the Ripper, muuaji asiyejulikana alikuwa nani, anayehesabiwa kuua wanawake watano London mwaka 1888. Mzee mmoja kashikilia: daktari yule! Annie Chapman, mmoja wa waliouawa, alitolewa kizazi uani, alfajiri, na Dkt. Phillips aliyekagua maiti aliona mkono unaoujua mwili. Fundi baiskeli anasema mchinjaji. Whitechapel, mtaa wa mauaji hayo, ilikuwa na machinjio, aproni yenye damu ingemshtua nani? Mimi niko na fundi, ingawa Dkt. Thomas Bond, daktari wa polisi enzi hizo, aliwakatalia wote: hakuona hata ujuzi wa mchinja farasi. Na sababu ya kuua? Wizi nauondoa, Chapman usiku ule alikosa hata hela ya kitanda.