Bei ya serikali kwenye lodge moja ya Shangani, Mtwara: nani anapewa na nani anaambiwa alipe kamili

Watumishi wenzangu mnaokuja Mtwara kikazi na kuulizana kila siku wapi wanatoa bei ya serikali, yaani ile bei ya punguzo kwa mtumishi aliye safarini kikazi, nimelala lodge moja pale Shangani, mitaa ya upande wa baharini, jina naliacha maana nitasema mazuri na mabaya na sitaki dada wa mapokezi aitwe ofisini kwa ajili yangu. Bei yao ya kawaida chumba cha mtu mmoja ni 90,000, bei ya serikali 70,000, brekfasti ndani. Nawapa nyota tatu na nusu kwa tano. Chumba peke yake kingepata nne, huu utaratibu wao wa bei na risiti ndio umewashusha.

Chumba nimalize haraka maana sio penye shida. Kisafi, shuka nyeupe kweli, neti haina matundu, AC inapuliza, maji ya moto yapo ila uwahi kuoga kabla watu hawajaamka. Waifai inashika mapokezi na kwenye ngazi, chumbani sahau. Umeme ulikatika usiku jenereta likachukua muda kuwaka, na mimi umeme ukikatika Mtwara huwa nacheka peke yangu, gesi inachimbwa Mnazi Bay hapo hapo jirani inapelekwa kwa bomba mpaka Dar alafu wenyeji tunamulika na tochi za simu. Brekfasti ni chapati, mayai, mihogo ya kuchemsha na chai, supu ya pweza unalipia pembeni 5,000 na kwa kweli hiyo supu hata kama hulali pale pita unywe.

Sasa tuje kwenye bei, maana ndio kilichonifanya niandike.

Wengi wetu tunaamini bei ya serikali ni haki ya mtumishi, yaani ukishakuwa na kitambulisho hoteli imebanwa. Hapana. Ile ni ofa ya mwenye hoteli, kaipanga mwenyewe, anatoa kwa masharti yake na akiamua kuifuta kesho anaifuta. Kwa iyo swali la kuuliza ukipiga simu sio "mna bei ya serikali?" maana watakwambia ipo, karibu sana, alafu ukifika na begi lako saa mbili usiku umechoka na basi ndio unaanza kuambiwa habari nyingine. Uliza mnahitaji nini ili mnipe.

Hawa wa Shangani wanataka vitu viwili kwa pamoja, kitambulisho cha kazi na barua ya safari yenye tarehe, au mwaliko wa kikao kama umeitwa kikao. Kitambulisho peke yake hakitoshi. Mimi nilitoka Nachingwea kupitia Masasi na nilikuwa na vyote, shida kitambulisho changu kilishapitwa na muda, na mnajua halmashauri zetu, vitambulisho vinaisha na hakuna anayekumbuka kutengeneza vipya, nusu ya ofisi tunatembea na picha za ujanani. Dada akaniambia, "Kaka samahani hiki kimeisha, una saleri slipu?" Ninayo kwenye simu, nikamuonyesha jina, mwajiri na cheki namba, ile namba ya mtumishi, akaridhika. Ila akaomba nimtumie wasap abaki na kopi. Hapo nikakataa kabisa. Saleri slipu ina mshahara wangu, makato ya benki, saccos, kila kitu, kwa nini vikae kwenye simu ya mapokezi ya lodge? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, na hata kama isingekuwepo bado ningekataa. Nikamwambia aangalie, aandike cheki namba kwenye daftari lake yaishe. Akakubali bila ugomvi, na hapo nampa maua yake, ana lugha nzuri yule dada na hana haraka.

Kwa kuwa nilikaa kaa pale mapokezi nikifukuzia waifai nikaona wengine wanavyopimwa na ndio nikagundua hata wao wenyewe hawana mstari ulionyooka.

Jamaa mmoja wa shirika la umma alipewa bila maswali mengi, na ni sawa. Askari aliyekuja na kitambulisho tu bila barua akapewa pia. Alafu akaja dada mmoja muuguzi anafanya kazi kwenye hospitali ya serikali, anavaa sare ile ile, anashika zamu zile zile za usiku, ila analipwa na mradi wa wafadhili kwa mkataba, kitambulisho chake kina nembo ya mradi. Akanyimwa. Akaeleza wee, akaonyesha mpaka barua ya mganga mkuu iliyomtuma kwenye mafunzo, wapi. Akaambiwa bei yake ni ya mashirika, na hiyo ipo tu kama shirika lake limesaini mkataba na lodge, halijasaini, kwa iyo 90,000. Kwangu hiyo sio sawa hata kidogo, barua yake ilitoka ofisi ya serikali na safari ni ya serikali, sasa mnachokiangalia ni nini, kazi anayoifanya au nani anamlipa mshahara? Wangeamua moja. Kama ni kazi, mpeni. Kama ni mwajiri, semeni wazi, na yule askari naye muulizeni barua kama sisi tulivyoulizwa.

Walimu wa kujitolea na vijana wa intani nao wasihangaike, pale hawapewi, labda waje kwenye kundi na mwenyeji wao awaombee kwa menja.

Mzee mmoja mstaafu alinifurahisha. Kafika na kitambulisho cha ustaafu, shikamoo mzee, marahaba, naomba bei ya serikali. Dada akamwambia kwa adabu kwamba hiyo ni kwa walioko kazini. Mzee akasema, "Mwanangu, mimi nimeitumikia hii serikali wewe hujazaliwa, leo mnaniambia mimi sio wa serikali?" Watu wote pale tukacheka, menja akatoka ofisini akampa kwa 75,000 akasema ni heshima yake sio bei ya serikali. Safi, ila ukitegemea huruma ya menja jua kuna siku menja hayupo.

Nilishawahi kusoma wenzetu Marekani wanavyofanya nikawa nalinganisha kichwani. Kule kuna idara inaitwa GSA, kila mwaka wa fedha, ambao kwao unaanza Oktoba, inatangaza kikomo cha malazi ambacho mtumishi wa serikali kuu akisafiri kikazi anarudishiwa. Kwa mwaka wa fedha 2025 sehemu zisizo na kiwango chake maalum ilikuwa dola 110 kwa usiku kabla ya kodi. Hoteli nyingi zinaweka bei yao ya serikali hapo hapo kwenye kikomo au chini yake. Na kule pia hoteli hailazimiki kutoa, na kawaida ni kwa safari ya kikazi, ukienda na familia kutalii inategemea hoteli yenyewe, na watu wa makampuni yenye zabuni za serikali mara nyingi wanakutana na yale yale ya muuguzi wetu. Ila kuna tofauti moja kubwa ambayo wenye hoteli wa huku kusini naona hawajaitafakari.

Kule hela ya chumba mtumishi anarudishiwa alicholipa kwa risiti. Akilala pa bei ndogo hapati chenji. Sisi posho ya kujikimu unapewa mkononi kwa kiwango cha daraja lako, na toka Julai 2022 viwango vilipanda, cha juu kutoka 120,000 kwenda 250,000 na cha chini kutoka 80,000 kwenda 100,000 kwa siku. Hiyo hela ukishapewa ni yako, ulale Shangani, ulale kwa shemeji, ukale wali wa nazi usilale, hakuna anayekuuliza risiti ya chumba. Sasa chukua mtu wa 100,000, umpe chumba cha 70,000 umwambie kwamba umempunguzia, anabaki na 30,000 ya chakula cha mchana, cha usiku, bodaboda, na nyumbani wanasubiri aje na korosho na samaki. Huyo haoni punguzo pale. Anaona mtu anataka kumla posho. Ndio maana ukienda guest za Majengo siku ya kikao cha kanda utakuta nusu ya wajumbe wako kule, na asubuhi wanatokea ukumbini wamepiga pasi kama walitoka hoteli kubwa.

Kwa iyo bei ya serikali ya 70,000 haishindani na hoteli za jirani, inashindana na guest ya 30,000 na mfuko wa mtumishi. Mwenye lodge akilielewa hilo ataacha kutuchunguza kama tunaomba mkopo.

Kuna la ofisi kulipa moja kwa moja. Nilimuuliza menja, halmashauri ikileta LPO, ile hati ya kuagiza huduma ilipiwe baadaye, mnatoa 70,000? Akacheka. Akasema LPO ni 90,000 kamili, na hata hiyo anaifikiria mara mbili, maana serikali kulipa inalipa ila lini hajui, na yeye mishahara na umeme wa LUKU haisubiri. Yaani bei ya serikali wanapewa watumishi wanaolipa keshi kutoka mfukoni, serikali yenyewe haipewi. Nimelifikiria hili mpaka sasa hivi na sina hoja ya kumpinga.

Lingine muangalie mnapewa chumba gani. Wa bei ya serikali tunapelekwa vyumba vya nyuma upande wa jenereta, vya mbele vyenye upepo wa bahari ni vya bei kamili. Hawakwambii mpaka uulize. Nilivyouliza nikaambiwa "vyote sawa tu kaka," sasa kama vyote sawa nipe cha mbele, akatafuta funguo kidogo akanipa. Kumbe kilikuwepo.

Na risiti. Siku ya kulipa niliulizwa kama nahitaji ya EFD, ile ya mashine ya kodi, au ya mkono inatosha. Hiyo sio ya kuuliza, risiti ya EFD unatoa kwa kila mteja hata asipoiomba, na kwenye bei ya punguzo ndio uisome vizuri iwe imeandikwa kile ulicholipa. Yangu ilitoka sahihi ila ile kuulizwa nayo imechangia kuwatoa hiyo nusu nyota.

Msimu wa korosho msijisumbue. Minada ikianza kuanzia Oktoba huko mji unajaa wanunuzi, wasafirishaji, watu wa vyama vya msingi, Bodi ya Korosho yenyewe makao yake yako hapa hapa, chumba cha 90,000 kinauzwa bila kubembeleza mtu. Menja aliniambia wazi miezi hiyo bei ya serikali inalala, na kusema ukweli ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Na ukibuku kwa zile programu za mitandaoni hiyo bei huikuti, ni kwa kupiga simu tu, na ombeni wawatumie ujumbe wenye bei na jina la aliyekubali.

Kikao chetu kiliisha Ijumaa. Nilitaka kubaki Jumamosi niende Msimbati, ule ufukwe unaoingia na gari mpaka kwenye mchanga. Dada akafungua daftari, barua yako kaka inaishia Ijumaa, kesho ni 90,000. Nikamwambia mimi ni yule yule wa jana na kitambulisho kile kile. Akasema, "Jana ulikuwa kazini, kesho unatembea." Hapo alikuwa sahihi hata kama iliniuma, na angalau hilo sharti ni moja wanalolifuata kwa kila mtu. Menja nikamshusha mpaka 80,000 akagoma kushuka zaidi, nikashukuru, nikabeba begi nikapanda bodaboda mpaka Majengo, guest ya 30,000, feni, neti, choo ndani, maji ya moto wanakuletea kwenye ndoo ukiomba, na wao walichotaka ni jina na namba ya simu tu.