Kofia iliyogandia kichwani mwa binti yangu: cha kununua kabla mtoto hajaingia kwenye klorini

Jumamosi moja nilikaa kwenye sakafu ya bafu nimeshika kimkasi cha kucha, nakata kofia ya kuogelea kipande baada ya kipande kutoka kichwani mwa binti yangu wa miaka saba. Ilikuwa imelegea kama bablishi iliyotafunwa tangu asubuhi, imenata kwenye mabutu mawili ya mbele, na kila nikivuta analia. Mabutu yale hayakupona. Msusi wetu aliyaangalia, akacheka, akaniuliza kama nimemvalisha mtoto puto.

Kwa kweli hakuwa mbali. Muuzaji aliniambia ni silikoni, nikalipa elfu kumi na nane bila kuuliza mara mbili. Kumbe ni mpira. Na mimi kila Jumamosi, kabla ya darasa la kuogelea, nilikuwa nampaka mwanangu mafuta ya nazi nywele nzima na mafuta ya mgando pembeni mwa uso, halafu namvika kofia juu yake. Mpira na mafuta havikai nyumba moja. Mpira hunyonya mafuta, huvimba, hulegea, hunata, mwisho huchanika. Yangu ilimaliza wiki tano, zote ikiwa imefungiwa kwenye mkoba wa kuogelea ndani ya gari, kwenye joto la Dar.

Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu anakushauri umpake mtoto mafuta, na kila mtu anakushauri umvalishe kofia, ila hakuna anayekwambia vitu hivyo viwili vinagombana. Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi wala kofia zenye masikio ya papa. Nauliza swali moja tu: hiki kitu kinavumilia mafuta?

Kwa sababu mafuta lazima yawepo. Klorini inavua mafuta ya asili ya ngozi na nywele, na nywele zetu za kipilipili ni kavu tangu mwanzo, mafuta ya kichwani hayashuki kirahisi kwenye mizunguko yake. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ndiyo kabisa, utamwona anajikuna viwiko na nyuma ya magoti kabla hamjafika nyumbani.

Namba moja haiuzwi dukani: maji ya bomba. Nywele ni kama dodoki. Zikishashiba maji safi, ya bwawa yatakayoingia ni machache. Mloweshe mtoto kichwa na mwili dakika mbili tatu kabla hajatumbukia, na akitoka msuuze hapo hapo, msisubiri kufika nyumbani. Mabafu ya mabwawa mengi ninayoyajua ama hayatoi maji ama yana foleni, kwa hiyo mimi natembea na dumu la lita tano na kikombe. Wakina mama wengine walinicheka mwezi mzima. Sasa wanaazima kikombe.

Namba mbili, na hapa sitajifanya sina upande: kofia ya silikoni iliyokatwa kubwa, na kwangu hiyo ni Soul Cap. Ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya watu wenye rasta, afro na nywele zilizosukwa. Wengine mtaikumbuka kwa lile sakata la 2021, pale shirikisho la kuogelea duniani, wakati huo likiitwa FINA, lilipokataa isivaliwe kwenye Olimpiki ya Tokyo kwa hoja kwamba haifuati umbo la asili la kichwa. Kichwa cha nani, hawakusema. Mwaka huo huo Alice Dearing, aliyekuwa balozi wa kofia hizo, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Septemba 2022 FINA wakairuhusu.

Ninachoipendea ni nafasi. Kofia ya kawaida ya mtoto ukiivuta juu ya twende kilioni zenye rasta za kuongezea inapanda nyuma, shingo inabaki wazi, na mtoto anaumwa kichwa. Hii inakaa. Mafuta hayaitafuni, ila yanaifanya iteleze, basi paka nywele, acha paji la uso na nyuma ya masikio pakavu, ndipo uivute. Hasara yake ni kuipata. Mimi nililetewa na shemeji aliyetoka London. Ukiagiza mwenyewe, jiandae nauli ya mzigo ikukate maini kuliko kofia yenyewe.

Nawaomba pia msitegemee kofia yoyote iache nywele kavu. Maji yataingia. Kazi ya kofia ni kupunguza.

Jinsi ya kutambua silikoni, kwa sababu muuzaji hatakusaidia: inusie. Mpira unanuka puto, tena mara nyingi una ungaunga kama poda. Silikoni hainuki kitu, ni nzito kidogo, laini, inateleza mkononi. Ukivuta nyuzi mbili za nywele zako kwa ile ya mpira, zitang'ang'aniwa. Na kuna watoto wenye mzio wa mpira, hao hata bila mafuta kofia hiyo haiwafai.

Namba tatu, mafuta yenyewe. Kwa nywele sijaona la kushinda mafuta ya nazi, kwa kuwa yanapenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Ndugu zangu wa Arusha, yakiganda kwenye chupa asubuhi hayajaharibika, yapashe viganjani. Siagi ya shea kutoka kaskazini ya Uganda ni nzuri pia, laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kwa ngozi, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo, kwenye viwiko, magoti na shingo. Kidogo, nimesema. Kila tone linaloishia bwawani linakula klorini inayotakiwa kuua vijidudu. Ile harufu kali mnayodhani ni klorini nyingi hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na losheni. Bwawa linalonuka kutoka getini, mimi narudi na mtoto wangu.

Namba nne, shampuu ya waogeleaji. Usisome jina la mbele, geuza chupa. Kama kuna sodiamu thiosalfeti au vitamini C, hiyo kweli inaiua klorini iliyobaki kwenye nywele. Kama hakuna, umenunua shampuu ya kawaida yenye picha ya pomboo. Pakiti za kuoshea nywele za Malibu C ni za vitamini C na zinafanya kazi, ila mara moja kwa wiki inatosha, na kondishena nzito ifuate.

Nguo za mikono mirefu zinalinda ngozi dhidi ya jua kuliko dhidi ya klorini, lakini nunua ya poliesta. Zile zinazovutika sana, klorini inazila, baada ya muhula mmoja makalio yanaonekana.

Kofia za kitambaa na za bafuni zile za elfu mbili: hapana.

Sasa wauzaji. Jamani, hii ya kuweka picha nzuri halafu "bei njoo inbox" itaisha lini? Unakwenda inbox, anakuuliza uko wapi. Ukisema Masaki bei ni nyingine, ukisema Mbagala ni nyingine, kofia ni ile ile na bodaboda ni yule yule. Niliwajaribu watatu. Wote walisema silikoni orijino, na wote watatu, nilipoomba picha ya maandishi ya nyuma ya pakiti, walinyamaza.

Yule aliyeniuzia ya kwanza nilimtumia picha ya vipande vile kwenye sinki, na nywele za mwanangu zikiwa zimenata. Alikaa siku mbili. Akajibu: "Pole dada angu, huo ulikuwa mzigo wa zamani. Mpya unaingia Ijumaa, nikuwekee ngapi?"