Mashine ya gemu kwa mwenye diski za zamani jijini Mwanza: ipi inunuliwe sasa, na je, inayokuja isubiriwe?

Mtu anayekwenda mjini kununua mashine ya gemu huulizwa kwanza ana shilingi ngapi. Mimi ningemwuliza kwanza ana diski zipi nyumbani, kwa kuwa fedha iliyokwisha kulala ndani ya kasha la diski inaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe, na mashine isiyozisoma humlazimu aanze kununua upya. Ndiyo maana nimezipanga mashine hizi kwa kipimo kimoja: ni ipi itakayofungua gemu ulizo nazo tayari bila kukumalizia bando.

Nianze na ile ambayo haijafika dukani, kwa sababu wengi wameahirisha kununua kwa ajili yake. Oktoba 2025, Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine za PlayStation za Sony, alijitokeza pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni inayotengeneza vichakataji, yaani bongo za mashine, kueleza teknolojia mpya za picha wanazozitengeneza kwa pamoja, akasema anatazamia kuziingiza katika mashine itakayokuja miaka michache baadaye. Hawakutaja jina, bei wala tarehe. Miezi minne kabla ya hapo, Microsoft nayo ilikuwa imetangaza ushirikiano na AMD, ikaahidi kwamba gemu za Xbox ambazo watu wanazo zitaendelea kuchezeka katika Xbox zijazo.

Kutokana na hayo mtu anaweza kukisia kwa busara. Tangu PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, Sony imetumia vichakataji vya AMD vya ukoo mmoja, na hiyo ndiyo sababu PlayStation 5 hucheza karibu gemu zote za PlayStation 4. Ikiwa mashine ijayo ni ya ukoo huohuo, naamini itazicheza za 4 na za 5. Siamini kwamba itasoma diski za PlayStation 3, kwa kuwa mashine ile ilijengwa juu ya kichakataji cha Cell kilichotengenezwa na Sony, Toshiba na IBM, ambacho muundo wake ni wa pekee mno. Hata leo gemu nyingi za PlayStation 3 zinazotolewa kwa wanachama wa PlayStation Plus, huduma ya kulipia ya Sony, hurushwa kwa intaneti kutoka kwenye seva za mbali, badala ya kuendeshwa na mashine iliyo sebuleni. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni diski. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 ilitoka bila sehemu ya diski, na anayeitaka huinunua kando. Makisio yangu ni kwamba mashine ijayo itafuata njia hiyo, kwa hiyo anayesubiri aweke akiba ya vitu viwili, si kimoja.

Nafasi ya kwanza naipa PlayStation 5 yenye sehemu ya diski. Husoma diski za PlayStation 4, ambazo ndizo vijana wa Kirumba, Igoma na Nyegezi huazimana, na ambazo mtu akivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, huzibeba mfukoni bila kuhitaji mtandao wowote. Gemu moja kubwa ya kisasa huweza kufika GB 100, na kila anayenunua vifurushi vya simu anajua uzito wa namba hiyo. Diski hukuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo, ingawa marekebisho bado hupakuliwa. Usikubali kuuziwa ile isiyo na sehemu ya diski kwa sababu tu bei yake imepungua kidogo. Katika toleo jembamba la mwaka 2023 sehemu hiyo hupachikwa na kuondolewa, lakini ukiipachika kwa mara ya kwanza mashine hudai intaneti ili iitambue, basi kazi hiyo ifanyike mbele ya muuzaji. Jambo jingine la kulijua mapema ni kwamba Tanzania haimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony yenye duka la gemu. Kadi ya malipo unayoinunua lazima ilingane na nchi ya akaunti, na ukikosea, fedha imekwenda.

Ya pili ni PlayStation 4 iliyotumika. Kwa bajeti ndogo ningeichagua bila kusita, maana gemu za soka zimeendelea kutolewa kwa ajili yake, EA Sports FC 26 ikiwamo. Hata hivyo, ikague kwa subira. Niliwahi kununua moja baada ya kuiwasha dakika tano tu dukani. Nyumbani ikajizima kabla kipindi cha pili cha mechi hakijaisha. Fundi alipoifungua alikuta feni imeziba kwa vumbi na vijidudu vile vya ziwani vinavyofuata taa usiku. Tangu siku hiyo huiacha mashine ifanye kazi nusu saa nzima nikiisikiliza feni, nikaingiza diski na kuitoa mara tatu, kisha nikatazama kama mchezaji anajongea mwenyewe pedi ikiwa haijaguswa. Iliyojazwa gemu za kunakili iache, kwani kucheza na wenzako mtandaoni hutaweza.

Xbox Series X ni ya tatu, ingawa kwa ubora wa kuhifadhi gemu za zamani ndiyo inayoongoza: hucheza nyingi za Xbox 360 na baadhi za Xbox ya kwanza ya mwaka 2001, mara nyingi kwa picha safi kuliko zilivyokuwa. Naishusha kwa sababu mbili. Ukiingiza diski ya Xbox 360, mashine huitumia kama ufunguo tu, kisha hupakua gemu yenyewe kwa intaneti. Na orodha ya gemu inazozikubali iliongezwa kwa mara ya mwisho Novemba 2021. Mwenye kasha la diski za Xbox 360 na intaneti ya uhakika nyumbani aipandishe hadi ya kwanza. Series S haina sehemu ya diski, kwa hiyo kwa msomaji wa mwongozo huu haifai.

Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ni ya nne. Hucheza gemu nyingi za Switch ya kwanza, na betri yake huendelea umeme ukikatika. Soma vizuri ganda la gemu kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani, zina ruhusa ya kuipakua tu.

Kusubiri nakuweka mwisho. Watoto wanaocheza leo watakuwa wamekua kabla tetesi hizi hazijawa bidhaa.

Diski za PlayStation 1 na 2 zina njia yake. PlayStation 4 na 5 hazizichezi kabisa, na PlayStation 3 hucheza za PlayStation 1, lakini za PlayStation 2 huchezwa na matoleo yake machache ya mwanzo tu. Tafuta PlayStation 2 nzima, ambayo husoma za aina zote mbili, na ugeuze chini yake usome kibandiko cha umeme: iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani mara nyingi hutaka volti 100 au 120, na ya namna hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 za hapa inaweza kuungua. Ikiwa ni hiyo, nunua na kibadilisha umeme siku hiyohiyo, kabla mtoto hajatangulia kuichomeka.