Uzoefu wangu na Boma Rhodes: majani safi, mbegu ina kazi

Nina ng'ombe wanne wa maziwa nje kidogo ya Kitale, na huu ni msimu wangu wa tatu na Boma Rhodes, aina ya nyasi ya malisho. Kwa majani sina lawama. Ekari moja ilinipa marobota 140 mkato wa kwanza, na ng'ombe hawabakizi kitu horini.

Shida ni mbegu. Mfuko wa kwanza niliununua agroveti nikausia mvua zilipoanza. Wiki ya nne shamba lilikuwa sangari tupu, na pesa ya kulimisha ilikuwa imeshakwenda. Niliumia sana. Mzee wa jirani alikuja, akachota mbegu zilizobaki, akazisugua kiganjani na kupuliza taratibu. Makapi yote yaliruka. Zilibaki punje tatu za rangi ya kahawia, ndogo kuliko wimbi. Kilo moja ya Rhodes ina mbegu zaidi ya milioni 3, lakini ganda tupu nalo huhesabiwa kwenye mizani. Siku hizi silipi kabla ya kusugua.

Mwaka uliofuata nilinunua kwa mkulima mwenzangu, nikachanganya na mchanga mkavu, nikasia juujuu na kuburuta tawi la mti nyuma yake. Ziliota vizuri, nikaamua kuvuna mbegu yangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ni ghali. Masuke hayatoki pamoja: hili limeshakauka linapukutika ukiligusa, la pembeni yake ndiyo kwanza linachungulia. Ukiwahi unavuna maganda, ukichelewa mbegu iko chini. Mimi nilikata wiki ya sita tangu masuke ya kwanza yatokeze, nikasimamisha matita yakauke kabla ya kupura.

Jambo hili lilichunguzwa hapahapa Kitale. Mtafiti J. G. Boonman, miaka ya 1970, alionyesha kwamba nyasi zetu hutoa mbegu kidogo kwa sababu masuke hutoka kwa muda mrefu mno na mengi hayajazi punje. Dawa yake ni kuchagua mimea inayotoa masuke kwa pamoja na kuizalisha yenyewe kwa yenyewe. Si kazi ya mwaka mmoja, maana Rhodes huchavushwa kwa upepo na ya jirani huingia kwako bila hodi.

Mulato, nyasi nyingine ya malisho, nayo nilijaribu kipande. Majani yake ni mapana na matamu kuliko Boma, ila masuke yake nilipoyasugua karibu yote yalikuwa matupu. Kwa anayetaka kujitegemea kwa mbegu, bado nampa Boma.

Kingine: mbegu ikitoka tu shambani hulala. Nilipima 100 kwenye sahani yenye kitambaa kibichi baada ya kupura, zikaota 11. Miezi sita baadaye, gunia lilelile, zikaota 46. Zangu za sasa ziko darini tangu Novemba, nitazisia Aprili.