Simulizi ya gavana muuza karanga: nimeisikiliza yote, haya ndiyo maoni yangu

Ninauza karanga hapa Tabora mjini mwaka wa kumi na tisa sasa. Kubangua ni kazi ya mikono tu, masikio yanabaki bure, kwa hiyo muda wote niko na redio ndogo ya kuchomeka flashi. Nyimbo nimezichoka. Siku hizi nanunua simulizi kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na soko, wale wanaoingiza nyimbo kwenye memori kadi. Ana kompyuta moja, spika mbili na kiti cha plastiki cha mteja.

Nilipopita wiki mbili zilizopita akaniita kabla sijafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Leo nina kitu chako kabisa. Mkulima wa karanga aliyekuwa gavana."

Shilingi elfu mbili, sehemu 14, kila moja dakika ishirini hivi. Ameandika na kusimulia mwenyewe, kwa sauti yake. Habari ni ya Jimmy Carter, yule rais wa zamani wa Marekani aliyefariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Ila kijana hakugusa urais. Amesimulia safari ya siasa ndani ya jimbo la Georgia tu, mpaka Januari 1975 Carter alipomaliza ugavana. Uamuzi huo nimeupenda. Ya urais yamesemwa na kila mtu. Njia ya mtu kutoka bodi ya shule ya wilayani mpaka kiti cha gavana, hiyo mimi sikuwahi kusimuliwa na mtu.

Nianze na kasoro iliyonitesa. Mafaili ameyapa namba 1 mpaka 14, na redio zetu hizi zikimaliza 1 zinaruka kwenda 10, 11, 12, 13, 14, ndipo zirudi 2. Kwa hiyo sehemu ya kwanza Carter amezaliwa Plains, Georgia, mwaka 1924, ya pili yake tayari ni gavana anaapishwa. Nikadhani memori imeharibika. Nilimsikia akihutubia kama gavana kabla sijajua kwamba aliwahi kushindwa uchaguzi, na mtu akiyasikia kwa mpangilio huo utamu wote unamwagika. Ikabidi nianze upya huku nabonyeza kitufe cha mbele kila mara, na vidole vyangu vimejaa vumbi la maganda. Ukinunua, mwambie aandike 01, 02, 03. Ni kazi ya dakika mbili.

Sehemu za shambani ni nzuri mno. Carter alikuwa ofisa wa jeshi la majini, kwenye nyambizi, baba yake akafariki 1953 naye akaacha kazi arudi kijijini. Mkewe Rosalynn hakutaka kabisa kurudi. Mwaka 1954 ukaja ukame, faida ya mwaka mzima ikawa dola 187, familia inakaa kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini. Baadaye biashara ikasimama kwa sababu ya mbegu: alilima na kuuza karanga za mbegu, mkewe akashika vitabu vya hesabu.

Hapo nilizima redio kidogo. Mimi ni mtoto wa Urambo. Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Nachingwea na kwetu Urambo, na matrekta ya kung'oa misitu, na mwaka 1951 wakauacha. Kwetu tumbaku ikachukua nafasi. Nimekua nikisikia karanga zinatajwa kama kitu kilichomshinda mzungu. Sasa huyu anasimulia mzungu mwingine aliyeanza na mbegu, akaenda polepole. Na mbegu ya karanga inataka mkono wa subira, wanaolima wanajua: ile ngozi nyembamba nyekundu ikichubuka wakati wa kubangua, punje hiyo peleka kwenye kikaango, shambani haitakupa kitu. Mimi za mbegu nazitenga kwenye ungo wa peke yake na wala sizibangui kwa haraka. Kijana hakulieleza hili, nadhani hajawahi kulima, lakini aliposema "aliuza mbegu" mimi niliona kazi yote iliyo nyuma ya neno hilo.

Anaeleza pia kwamba miaka hiyo ya 1950 wazungu wa pale walikuwa na baraza lao la kupinga watoto weusi kusoma shule moja na weupe. Carter akakataa kujiunga, wateja wakamsusia kwa muda. Wakati huohuo alikuwa kwenye bodi ya shule ya wilaya yake. Hiyo ndiyo ngazi yake ya kwanza ya uongozi.

Sehemu ya 4 na ya 5 ndizo zilizonifanya niandike haya. Ni mwaka 1962. Tarehe 1 Oktoba, siku anayotimiza miaka 38, Carter anaamua kugombea useneta. Kura za maoni za chama cha Democratic zilikuwa tarehe 16 mwezi huohuo, na Georgia ya wakati ule ukishinda kura za maoni za Democratic umeshamaliza kazi. Sehemu nyingine mambo yanakwenda sawa, lakini mji mmoja mdogo, Georgetown, una bwana mkubwa wake anaitwa Joe Hurst. Hakuna faragha ya kupigia kura. Watu wanaweka alama mezani, Hurst amesimama palepale anawaonyesha jina la mpinzani wa Carter. Wakala wa Carter anaona kila kitu, anapinga, hasikilizwi. Jioni kuhesabu: waliojitokeza kupiga kura ni 333, kura kwenye boksi ni 420.

Kijana hapa amenyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Mama mkwe wangu, ambaye huwa tunabangua naye, akaacha punje mkononi akasema, "Rudia hapo." Nikarudisha. Tukasikiliza tena zile namba mbili.

Halafu yanakuja majina: waliopiga kura wameandikwa kwa mfululizo wa alfabeti, kana kwamba walijipanga hivyo mlangoni, na wengine walikuwa wafu, wengine wako jela. Carter anakwenda mahakamani na wakili kutoka Atlanta, Charles Kirbo, na mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, John Pennington, anaandika habari hiyo mpaka jimbo zima linajua. Boksi linafunguliwa mbele ya jaji, ndani kuna rundo la kura zimekunjwa pamoja. Kura za Georgetown zikafutwa. Hata hapo mvutano haukuisha, kwa sababu mpaka usiku wa kuamkia uchaguzi wenyewe wa Novemba watu hawajui jina la nani litakuwa kwenye karatasi, na mwisho ikaamuliwa wapiga kura waandike jina kwa mkono. Carter akashinda, 3,013 kwa 2,182.

Kijana amelisimulia hili vizuri kuliko simulizi zote nilizonunua kwake, na hapo hakuweka muziki hata kidogo. Angefanya hivyo kote. Sehemu ya 7 kinanda kimemfunika kabisa.

Sasa suala la maneno, na hili ni zito. Anasema "seneta" bila kueleza seneta wa wapi, na msikilizaji atadhani ni Washington. Carter alikaa kwenye Seneti ya jimbo la Georgia, mjini Atlanta, kuanzia Januari 1963, vipindi viwili vya miaka miwili. Tena neno jimbo kwetu ni eneo la mbunge mmoja, wakati Georgia ni kama nchi ndogo yenye bunge lake na sheria zake. Na gavana? Mama mkwe wangu aliuliza, "Huyo gavana kateuliwa na nani?" Kwake gavana ni Twining, aliyeletwa na Waingereza kututawala. Mjukuu akauliza kama ni yule wa Benki Kuu. Mkuu wa mkoa wetu anateuliwa na rais. Gavana wa Georgia anachaguliwa na wananchi wenyewe, kama magavana wa kaunti kule Kenya tangu 2013, ila mamlaka yake ni makubwa zaidi. Sentensi mbili tu za maelezo zingetosha, tena mwanzoni.

Kitu kimoja kidogo cha miaka hiyo ya useneta nimekipenda: Carter aliahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura, na ilikuwa mamia kwa mamia, mpaka akajifunza mbinu za kusoma kwa kasi.

Mwaka 1966 akagombea ugavana, akashika nafasi ya tatu kwenye kura za maoni. Aliyeingia ni Lester Maddox, mwenye mgahawa aliyekuwa amejipatia jina kwa kuwafukuza weusi mlangoni kwake. Carter akaumia sana, akarudi kwenye imani yake kwa nguvu, kisha yeye na mkewe wakazunguka jimbo zima miaka minne wakisalimia watu mkono kwa mkono.

Halafu simulizi inaruka. Sehemu ya 9 inaisha na kuzunguka huko, ya 10 anaapishwa. Nikampigia mdogo wangu, anafundisha historia sekondari. Akaniambia, "Dada, hapo amekuficha kitu." Kampeni ya 1970 ndiyo doa la Carter. Mpinzani wake kwenye kura za maoni alikuwa Carl Sanders, gavana wa zamani, na Carter akatafuta kura za wazungu waliokuwa hawataki usawa. Alimsifia George Wallace wa Alabama, kinara wa ubaguzi. Kambi yake ilihusishwa na kusambaza picha ya Sanders akishangilia na wachezaji weusi wa mpira wa kikapu, ili wazungu wamchukie. Weusi wachache sana walimpa kura kwenye mchujo ule. Akashinda.

Ndipo ije tarehe 12 Januari 1971, anasimama kuapishwa na kuwaambia hadharani kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umekwisha. Hotuba hiyo bila kampeni ile ni maneno mazuri tu. Ukijua kampeni, unajua pale chini wako watu waliomchagua kwa sababu nyingine kabisa, na wamegundua saa hiyo. Kijana alikuwa na chumvi yote mkononi na hakuitia.

Sisemi hivi kumchafua marehemu. Mji wetu huu una habari yake. Januari 1958 TANU walikutana hapa Tabora kuamua kama waingie kwenye kura tatu, ule utaratibu mchungu wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwalimu aliwashawishi wakubali, mwenzao Zuberi Mtemvu akakasirika akaondoka na kuanzisha chama chake. Walimeza shubiri ile mkutanoni, wakibishana mbele ya wenzao, na sababu zikasemwa. Carter ya kwake aliimeza kimyakimya, wapiga kura wakaijua baada ya kiapo. Hizo ni siasa za aina mbili, na msikilizaji ana haki ya kuziona zote.

Sehemu za ugavana ni nzuri, zinakwenda haraka. Naibu wake alikuwa Maddox yuleyule, kwa kuwa naibu anachaguliwa peke yake, na walipingana mwanzo mpaka mwisho. Idara na vyombo vya serikali kama 300 akavipunguza vikawa 22. Bwawa lililotakiwa kujengwa mto Flint aliliunga mkono kwanza, kisha akaenda mwenyewe kwa mtumbwi kuangalia, akasoma hesabu, akalikataa. Februari 1974 picha ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za weusi, ikatundikwa ndani ya jengo la serikali la jimbo, watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakipinga nje. Sheria ya Georgia wakati ule haikumruhusu gavana kurudia kipindi mfululizo, akatoka.

Nampa nyota nne kati ya tano. Elfu mbili ni halali yake, na kazi ya kusoma inaonekana.

Jana nilimrudia kibandani na kumweleza yote, pamoja na alichosema mdogo wangu. Hakubisha. Akanivutia kile kiti cha plastiki, akachukua daftari, akasema, "Mama, hebu nianzie wapi hiyo ya 1970?" Nikamsomea namba ya mdogo wangu, nikamwambia apige baada ya saa kumi, vipindi vikiisha.